Nyumba Salama za Wanawake Nchini Uingereza, 1971 hadi 2022

Nyumba salama ni makazi ya muda ya mwanamke aliyekimbia kipigo au mateso ya mume, mwenza au ndugu. Hukaa humo na watoto wake, anwani ikiwa siri, huku akishughulikia amri ya mahakama, posho, shule ya watoto na mahali pa kuhamia baadaye. Nchini Uingereza makazi haya yalianza mwaka 1971, na hayakuanzishwa na serikali wala kanisa. Yalianzishwa na wanawake raia wa kawaida, ndani ya nyumba chakavu ya halmashauri, wakati hakuna sheria iliyokuwa na habari nayo. Kwa miaka 50 iliyofuata sheria ndiyo iliyokuwa ikiyafuata makazi haya kwa nyuma, mara nyingi kwa kusukumwa: sheria ya zuio, ya makazi, ya jinai, na hata ya uhamiaji.

Ukatili wenyewe haukuwa mgeni kwa watunga sheria. Mwaka 1853 Bunge liliwapa mahakimu uwezo wa kumfunga hadi miezi 6 mwanamume aliyempiga vibaya mwanamke au mtoto. Adhabu hiyo iliiangukia familia nzima. Baba akiwa gerezani, mshahara wa wiki hauingii. Akitoka, anarudi nyumba ile ile kwa mke yule yule aliyemshitaki. Mwandishi Frances Power Cobbe alilieleza jambo hilo katika makala kali ya mwaka 1878, akitaka mke aliyepigwa apewe haki ya kutengana na kupata matunzo. Bunge likaikubali hoja hiyo mwaka huo huo: hakimu aliyemtia mume hatiani kwa shambulio kubwa aliweza kuamuru mke asilazimike kuishi naye tena, alipwe matunzo, na abaki na watoto walio chini ya miaka 10. Mwaka 1891, katika shauri la Jackson lililotoka mji wa Clitheroe, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mume hana haki ya kumkamata mkewe na kumfungia ndani. Mwaka 1895 ukatili wa kudumu ukaongezwa kuwa sababu ya kudai kutengana na matunzo, kwa sharti moja: uwe umeshamfanya mke aihame nyumba.

Aihame aende wapi, sheria haikusema. Mwenye wazazi alirudi kwa wazazi wake, kama walikuwa hai na kama walikuwa tayari kumpokea. Asiye nao alibakiwa na nyumba za maskini, ambako watoto walitengwa na mama. Wengi zaidi walibaki walipokuwa. Pengo hilo, la haki ya kuondoka isiyo na mahali pa kwenda, lilidumu miaka 76.

Mfumo wa ustawi uliojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili haukuliziba. Ulimhesabu mume kuwa kichwa cha nyumba na mke kuwa tegemezi wake. Mkataba wa upangaji wa nyumba ya halmashauri kwa kawaida uliandikwa kwa jina la mume, na familia ikikosa kipato ni mume aliyedai posho kwa niaba ya wote. Sheria ya mwaka 1948 iliagiza halmashauri zitoe makazi ya dharura kwa wasio na pa kuishi, lakini ofisa angeweza kumjibu mwanamke kwamba yeye ana nyumba, ni kwamba tu ameihama. Wengine waliambiwa halmashauri inaweza kuwachukua watoto na kuwaweka katika makao yake; mama ajitafutie. Polisi nao, wakiitwa usiku, walihesabu kuwa ni ugomvi wa watu wa nyumba moja. Walituliza, wakaandika mistari michache, wakaondoka.

Mwaka 1971 mambo mawili yalibadilika rasmi. Januari 1 ilianza kutumika sheria mpya ya talaka, iliyoruhusu ndoa ivunjwe kwa kuthibitisha kwamba imeshindikana kabisa. Aprili zikaanza kazi idara mpya za huduma za jamii katika halmashauri, zilizounganisha kazi za watoto, wazee na walemavu chini ya paa moja. Mke anayepigwa hakuwamo katika fungu lolote kati ya hayo. Talaka sasa ilikuwa rahisi zaidi, ila mwanamke alipaswa kuingoja akiwa ndani ya nyumba ya mtu anayemwacha.

Chiswick ni kitongoji cha magharibi ya London, katika eneo la halmashauri ya Hounslow. Huko kikundi kidogo cha wanawake, miongoni mwao Erin Pizzey, kilipewa na halmashauri nyumba ndogo katika mtaa wa Belmont Terrace. Nia yao ya awali ilikuwa ndogo: mahali ambapo akina mama wanaoshinda peke yao na watoto wangekutana, wakanywa chai, wakashauriana kuhusu posho na bei za vyakula. Haikupita muda wakaanza kufika wanawake wenye alama za kipigo, na jioni ilipoingia baadhi yao hawakutaka kurudi makwao. Wakalazwa sakafuni. Habari zikaenea kwa midomo, kisha kwa magazeti. Maofisa wa ustawi wa jamii, ambao idara zao hazikuwa na pa kuwapeleka wanawake hao, wakaanza kuwaelekeza Chiswick, na hivyo idara zenye bajeti zikawa zinaitegemea nyumba isiyo na bajeti.

Kanuni kuu ya Chiswick ilikuwa kutomrudisha mwanamke yeyote, hata nyumba ikijaa. Kikundi kilihamia jengo kubwa zaidi kando ya barabara kuu ya Chiswick, nalo likafurika: magodoro kila chumba, watoto ngazini, foleni ya choo asubuhi. Mwaka 1974 Pizzey alitoa kitabu, Scream Quietly or the Neighbours Will Hear, kilichosomwa sana na kuyaleta mezani maisha ya wanawake hao katika nyumba ambazo hazikuwahi kuyazungumzia. Mwaka uliofuata wanawake wa Chiswick waliivamia hoteli iliyokuwa tupu huko Richmond, Palm Court, wakaifanya makazi. Halmashauri ya Hounslow kwa upande wake ilikuwa imeweka kikomo cha watu 36 katika jengo la barabara kuu. Mkaguzi alipofika alikuta 75. Pizzey akashitakiwa. Utetezi wake ulikuwa kwamba wakazi wote ni kaya moja, kwa hiyo kanuni za nyumba zenye kaya nyingi haziwahusu. Shauri lilipanda hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na mwaka 1977 utetezi huo ulikataliwa: watu wanaobadilika kila siku, wasio na uhusiano isipokuwa shida iliyowaleta, si kaya. Kisheria hoja ya malodi ni ngumu kuipinga. Hata hivyo hakuna halmashauri iliyosema watu 39 waliozidi wangelala wapi.

Wakati huo Chiswick haikuwa peke yake tena. Vikundi vya wanawake vilifungua nyumba Edinburgh na Glasgow mwaka 1973, kisha katika miji mingi ya England na Wales, mara nyingi ndani ya majengo yaliyongoja kubomolewa, ambayo halmashauri ziliyakodisha kwa bei ya kutupa. Mwaka 1974 vikundi karibu 40 vilikutana kuunda shirikisho la kitaifa, lililokuja kujulikana kama Women's Aid. Pizzey alijitoa na Chiswick haikujiunga. Watu wameueleza mfarakano huo kama ugomvi wa haiba, na haiba zilikuwepo kweli, lakini suala lenyewe lilikuwa zito. Vikundi vya shirikisho viliona kipigo kuwa tunda la nafasi ya mwanamke katika jamii: mshahara mdogo, nyumba isiyo na jina lake, sheria inayompa mume sauti ya mwisho. Pizzey alikiona zaidi kuwa tatizo la watu waliokulia katika ukatili, wanaume na wanawake, na katika kitabu chake cha mwaka 1982 alidai kwamba wapo wanawake wanaovutwa na ukatili wenyewe. Shirikisho liliikataa nadharia hiyo, na lilikuwa na sababu: ofisa wa makazi anayetafuta kisingizio cha kumnyima mwanamke nyumba asingehitaji kingine. Pizzey aliihama nchi baadaye. Chiswick iliendelea chini ya uongozi mwingine, na mwaka 1993 ikachukua jina la Refuge, ambalo linatumika hadi leo.

Malengo ya shirikisho yaliandikwa kwa ufupi: hifadhi ya muda kwa mwanamke yeyote anayeiomba, pamoja na watoto wake, ushauri na msaada kwa kila anayeuhitaji, awe mkazi au la, msaada unaoendelea baada ya kuondoka, kuyashughulikia mahitaji ya watoto, na kuuelimisha umma. Hakuna aliyetakiwa kuonyesha jeraha wala cheti cha daktari. Neno la mwanamke lilitosha. Hapo ndipo nyumba hizi zilipotofautiana kabisa na ofisi za serikali, ambako kila huduma ilianza na ushahidi.

Maisha ya ndani yalikuwa ya msongamano. Kila familia ilipata chumba kimoja. Jiko lilikuwa la wote, na ugomvi mwingi ulizaliwa humo: nani kaacha sufuria, nani kala maziwa ya nani. Mara moja kwa wiki wakazi walikaa kikao, wakagawana zamu za usafi na kuamua kanuni, maana vikundi vingi havikutaka mwanamke aliyetoka kuamriwa na mume aje kuamriwa na meneja. Simu ilipokelewa na yeyote aliyekuwa karibu, na mara nyingi aliyepiga alizungumza na mtu aliyefika wiki mbili kabla yake. Wafanyakazi walikuwa wachache, wengine waliwahi kuwa wakazi. Kazi yao haikuwa ya kusikiliza tu: walisindikiza wanawake kwa wakili, posho ilipokataliwa walirudi nao ofisini, waliandikia shule, wakaenda na polisi kuchukua nguo za watoto. Anwani haikuandikwa popote. Mwanamke alikutana na mfanyakazi kituo cha treni ndipo akapelekwa. Si wote waliopata nafasi. Nyumba nyingi hazikupokea watoto wa kiume waliokwisha balehe, jambo lililowafanya baadhi ya mama kurudi walikotoka. Na waliorudi kwa waume walikuwa wengi, wengine zaidi ya mara moja. Wanasosholojia Rebecca na Russell Dobash, waliowahoji wanawake 109 huko Uskoti na kuchapisha matokeo mwaka 1979, walionyesha kwamba kuondoka kwa kawaida hutokea kwa hatua, na kwamba uamuzi wa kurudi hutegemea sana fedha, watoto na makazi.

Upande wa fedha, badiliko lililosaidia mno lilitoka kwingine kabisa. Posho ya familia, iliyolipwa kwa mama tangu 1946, ilikuwa haimhesabu mtoto wa kwanza. Aprili 1977 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na posho ya mtoto, iliyolipwa kwa kila mtoto bila kumsahau wa kwanza. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini hakikupitia mkononi mwa mume. Kwa mwanamke wa mtoto mmoja aliyepanga kuondoka, hicho kilikuwa kipato cha kwanza cha uhakika.

Bungeni suala la wake wanaopigwa lilifikishwa na mbunge Jack Ashley mwaka 1973. Kamati teule ya Bunge ilitoa ripoti mwaka 1975, ikapendekeza kuwe na nafasi ya familia moja katika nyumba salama kwa kila watu 10,000. Pendekezo hilo halikutiwa katika sheria, ila kipimo chake kilidumu: miaka mingi baadaye Baraza la Ulaya lilitumia kipimo hicho hicho. Kilichotiwa katika sheria ni zuio. Hadi wakati huo mwanamke hakuweza kupata amri ya kumzuia mume asimpige, au ya kumtoa nyumbani, isipokuwa awe amefungua pia shauri la talaka au la kutengana. Asiyeolewa alikuwa na nafasi finyu zaidi. Muswada wa mbunge Jo Richardson ulizaa sheria ya mwaka 1976, ambayo iliruhusu mahakama ya wilaya kutoa zuio bila shauri lingine lolote, ikawahusu pia wanaoishi kinyumba bila ndoa, na ikampa jaji uwezo wa kuambatanisha amri ya kukamatwa pale ambapo mtu ameshajeruhiwa. Polisi waliokuwa wakijitetea kwamba zuio ni jambo la madai wakawa na karatasi inayowapa uwezo wa kukamata.

Sheria hiyo ilijaribiwa mara moja. Jennifer Davis na Nehemiah Johnson walikuwa wapangaji wa pamoja wa nyumba ya halmashauri huko Hackney, bila ndoa. Mwaka 1977 Davis alikimbilia Chiswick na mtoto wake. Jaji mmoja aliamuru Johnson atoke. Mwingine akamrudisha, kwa sababu Mahakama ya Rufani ilikuwa imeamua katika mashauri mengine kwamba sheria mpya haiwezi kumnyang'anya mtu haki yake katika nyumba. Kumbe ikisomwa hivyo sheria ilikuwa haina kazi, maana karibu kila nyumba ina jina la mwanamume. Lord Denning aliitisha kikao cha majaji watano badala ya watatu, na kwa wingi wao wakakataa kufuata maamuzi ya mahakama yao wenyewe. Machi 1978 Baraza la Malodi liliyakubali matokeo, huku likimkemea Denning kwa njia aliyotumia. Wanafunzi wa sheria hulisoma shauri hili kwa sababu ya karipio hilo, yaani kanuni ya mahakama kufungwa na maamuzi yake ya awali. Kwa wakazi wa Chiswick lilimaanisha jambo la karibu zaidi: mwanamume aliweza kutolewa nje, mwanamke na mtoto wakabaki, hata kama wawili hao hawakuwa mume na mke.

Zuio hata hivyo lilimfaa tu aliyeweza kurudi. Kwa yule ambaye kurudi kulikuwa hatari, hitaji lilikuwa nyumba nyingine, na hilo lilishughulikiwa na sheria ya wasio na makazi ya mwaka 1977, iliyotokana na muswada wa mbunge Stephen Ross. Ilitamka kwamba mtu hana makazi ikiwa kuishi katika nyumba yake kunaelekea kumletea ukatili kutoka kwa mwingine anayeishi humo. Mwenye watoto alipewa kipaumbele, na halmashauri haikuruhusiwa kumrudisha mwanamke katika wilaya aliyoikimbia kwa kisingizio kwamba huko ndiko kwao. Kwa mara ya kwanza njia kutoka nyumba salama hadi nyumba ya kudumu ilikuwa ya haki, si ya hisani.

Halmashauri zilitafuta matundu. La werevu zaidi lilipatikana Ealing, jirani na Hounslow: mwanamke anayeishi katika nyumba salama, ilisema halmashauri hiyo, tayari ana makazi, hivyo si mtu asiye na makazi. Ikaongeza kwamba hawezi kuhesabiwa kuwa na watoto mpaka alete amri kamili ya mahakama ya kuwalea. Mwaka 1982, katika shauri la Sidhu, mahakama ilizikataa hoja zote mbili. Kama hoja ya kwanza ingepita, kila nyumba salama nchini ingegeuka mtego: anayeingia anapoteza sifa ya kupata nyumba, kwa hiyo hatoki, na anayefuata hapati nafasi.

Ealing ndiyo halmashauri ya Southall, na Southall ilileta sura nyingine ya historia hii. Kitongoji hicho kilikuwa na Wapunjabi waliotoka India na Pakistani, pamoja na familia za Wahindi zilizoondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na zile zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mwanamke wa jamii hizo aliyekimbia alikabiliana na zaidi ya mume: mama mkwe, mashemeji, wazee wa hekalu, na hofu kwamba dereva wa teksi au muuza duka atamtambua na kupeleka habari. Katika nyumba za kawaida alikuta chakula asichokila, lugha asiyoielewa, na pengine matusi ya ubaguzi jikoni. Mwaka 1979 wanawake wa Kiasia na Kiafrika-Karibi walianzisha Southall Black Sisters, na miaka iliyofuata nyumba salama maalumu za wanawake wa Kiasia zilifunguliwa London na kwingineko. Usiri ulikuwa suala la uhai. Mwaka 1985 mwanamke mmoja aliuawa na mumewe ndani ya nyumba ya wanawake wa Kiasia huko Brent, baada ya mume kuigundua anwani.

Southall Black Sisters ndio waliobeba kampeni ya Kiranjit Ahluwalia, aliyepatikana na hatia ya mauaji mwaka 1989 kwa kumchoma moto mumewe baada ya miaka 10 ya mateso. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 1992. Mwaka mmoja kabla, katika shauri linalojulikana kama R dhidi ya R, Baraza la Malodi lilikuwa limeizika kanuni ya karne nyingi kwamba mume hawezi kumbaka mkewe. Polisi walikuwa wameshaagizwa na wizara ya mambo ya ndani, kwa waraka namba 60 wa 1990, wauchukulie ukatili wa nyumbani kuwa uhalifu kama mwingine. Mwaka 1996 sheria zilizotapakaa za zuio zilikusanywa katika sheria moja ya familia, na kuanzia 2007 kuvunja zuio la kutomsumbua mtu kukawa kosa la jinai.

Kwa mhamiaji sheria hizo zote zilikwamia mpakani. Mwanamke aliyeletwa Uingereza kwa viza ya ndoa hakuruhusiwa kugusa fedha za umma katika kipindi cha majaribio cha ndoa yake. Nyumba salama hujiendesha kwa sehemu kubwa kwa posho ya pango ya mkazi. Asiye na haki ya posho analeta chumba kisicholipiwa. Wafanyakazi walilazimika kukataa watu ambao kanuni yao ya kwanza iliwaagiza kuwapokea, na waume waliijua hali hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Ukiondoka, walisema, utafukuzwa nchini. Baada ya kampeni ndefu, kanuni za uhamiaji za mwaka 2002 zilimruhusu mwenza aliyeteswa kuomba ukaazi wa kudumu, na kuanzia Aprili 2012 aliweza kupata posho kwa miezi mitatu wakati ombi lake linashughulikiwa. Waliokuja kwa viza za masomo au kazi hawakuguswa na nafuu hiyo.

Suala la nani analipa ndilo lililotawala miaka ya karibuni. Mwaka 2003 serikali ilianzisha mfuko ulioitwa Supporting People, ulioweka pamoja fedha za msaada katika makazi na kuzilinda zisitumike kwingine. Mwaka huo huo Women's Aid na Refuge, ndugu waliofarakana tangu 1974, walianza kuendesha pamoja simu moja ya bure ya saa 24. Ila mfuko huo ulikuja na zabuni. Halmashauri zilianza kununua huduma kwa bei na idadi ya vitanda, na mashirika makubwa ya nyumba yasiyo na historia ya kazi hii yakavishinda vikundi vidogo. Ealing ilitaka mtoaji mmoja wa huduma kwa wanawake wote wa wilaya, hatua ambayo ingeifuta ruzuku ya Southall Black Sisters. Mwaka 2008 Mahakama Kuu iliiambia kwamba usawa haumaanishi huduma ya aina moja kwa kila mtu. Mwaka uliofuata ulinzi wa fedha za mfuko uliondolewa, na baada ya 2010, serikali ilipobana matumizi, halmashauri zikawa huru kuzikata. Vikundi vya wanawake weusi na wa Kiasia viliumia mapema kuliko vingine. Msaada wa kisheria nao ulipunguzwa kuanzia Aprili 2013: mashauri mengi ya familia yaliondolewa, isipokuwa kwa aliyeweza kuthibitisha ukatili kwa nyaraka za miaka miwili ya nyuma. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliubatilisha ukomo huo.

Upande wa maana ya ukatili sheria ilizidi kupanuka. Mwaka 2011 Hounslow ilirudi mahakamani, safari hii ikiwa imemnyima makazi mama wa watoto wawili kwa sababu mumewe hakuwahi kumpiga. Alimkaripia mbele ya watoto, alimnyima fedha, na mke aliogopa kwamba angewachukua watoto. Katika shauri hilo la Yemshaw, Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Lady Hale, ilisema ukatili katika sheria ya makazi hauishii kwenye mwili. Halmashauri iliyotoa nyumba ya kwanza mwaka 1971 ndiyo iliyofundishwa miaka 40 baadaye maana ya kile kilichowafanya wanawake waikimbilie nyumba hiyo. Desemba 2015 kumdhibiti na kumkandamiza mwenza kulifanywa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5.

Sheria ya ukatili wa nyumbani ilipitishwa Aprili 29, 2021. Iliitambua dhuluma ya kiuchumi, ikamhesabu mtoto anayeona au kusikia ukatili kuwa naye ni mwathirika, na ikampa kipaumbele cha makazi kila aliyekosa nyumba kwa sababu ya ukatili, hata asiye na watoto, ambaye zamani alilazimika kuthibitisha kwamba yu dhaifu kuliko wengine. Sehemu yake ya nne ilizipa halmashauri za ngazi ya juu za England jukumu la kisheria la kugharimia msaada ndani ya nyumba salama, na serikali ikatenga pauni milioni 125 kwa mwaka wa kwanza. Hadi hapo nyumba salama zilikuwa zimeishi nusu karne bila halmashauri yoyote kuwajibika kuziweka. Wabunge na malodi waliojaribu kuingiza ulinzi kwa wahamiaji wa viza zote walishindwa kura. Julai 2022 Uingereza iliridhia Mkataba wa Istanbul, wa Baraza la Ulaya dhidi ya ukatili kwa wanawake, miaka 10 baada ya kuutia saini, na mkataba ukaanza kuifunga nchi hiyo Novemba 1. Serikali ilikataa kufungwa na kifungu cha 59, kinachohusu ukaazi wa wanawake ambao viza zao zinategemea waume zao.